Hawampimi mtoto, wanakupima wewe

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na zile picha za majibu uliyopewa kwenye kundi lenu la kina mama. Umeniuliza: "Mama, hivi kwa nini wanawake wenye watoto wachanga kama mimi, wanaokesha kama mimi, ndio wanaonisuta kuliko watu wote?" Na chini yake, kana kwamba hutaki nilione, ukaongeza: "Au kweli mimi ni mama mbaya?" Hilo la pili nalijibu kwanza maana ni fupi: hapana. Sasa tuje kwenye la kwanza.

Majibu yale nimeyasoma yote, la juu hadi la chini. Wewe uliuliza jambo la kawaida kabisa. Mtoto ana miezi minne, likizo ya uzazi inaisha, umeanza kumpa maziwa ya kopo mchana, chupa anaikataa, ufanyeje? Wa kwanza akakwambia kama ulijua huna muda usingezaa. Wa pili akakuletea pendekezo la Shirika la Afya Duniani la kunyonyesha. Wa tatu alinyonyesha pacha huku anafanya kazi na hakumsumbua mtu, ndivyo anavyodai. Mwingine akaandika maneno mawili tu, "pole mtoto", na hayo ndiyo yaliyopata laiki nyingi kuliko yote. Kule katikati yupo mmoja aliyekujibu ulichouliza: mwachie mtu mwingine amlishe, wewe toka chumbani kabisa ili asisikie harufu yako, na msingoje mpaka awe analia kwa njaa. Huyo hakuna aliyemtazama. Fuata ushauri wake, ni mzuri.

Lakini nataka uone kile ambacho hakuna hata mmoja aliyekuuliza. Maziwa ya kopo yana hatari zake za kweli, tena si za kubahatisha. Unga ule si tasa, unaweza kuwa na vimelea hata kabla kopo halijafunguliwa. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka maji yachemshwe, na wakati wa kukoroga yasiwe chini ya nyuzi 70, kisha chupa ipozwe kabla mtoto hajanyweshwa. Vipimo vifuatwe kama vilivyoandikwa kwenye kopo, maana ukizidisha unamuumiza na ukipunguza ili kopo lidumu anadhoofika. Kinachobaki kwenye chupa kimwagwe. Miaka yote niliyofanya uuguzi, mama akituambia ameanza kopo, hayo ndiyo tuliyomuuliza: maji unachemshaje, unapima vipi, chupa unaiosha na nini. Katika msururu wote ule wa majibu hakuna aliyegusa maji. Mtu anayemhofia mtoto angegusa maji.

Kwa hiyo walikuwa wanahofia nini?

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walichapisha jaribio ambalo naona linajibu swali lako kuliko nitakavyoweza mimi. Waliwapa watu visa vya mtoto aliyeachwa peke yake kwa muda. Mtoto na mahali havikubadilika, ila sababu ya mzazi kutokuwepo ilibadilishwa. Katika toleo moja mama amepata ajali akapoteza fahamu. Katika lingine yuko kazini, katika lingine anajitolea kwenye shughuli ya hisani, katika lingine anapumzika, katika lingine amekwenda kuonana na mpenzi wake wa siri. Kisha wakaulizwa: mtoto yuko katika hatari kiasi gani? Ukifikiri kwa utulivu, aliyezimia ndiye angewatia watu hofu zaidi, maana hakupanga kuondoka wala hajui atarudi lini. Matokeo yakawa kinyume. Mtoto wa mama aliyepata ajali alionekana salama kuliko wote, na mtoto wa mama aliyekwenda kwa mpenzi alionekana hatarini kuliko wote. Watu walianza kwa kumhukumu mama, halafu hatari ikapandishwa ili ilingane na hukumu.

Na kuna kipande ndani ya utafiti huo kilichonifanya niiweke miwani chini. Baba akiwa ameondoka kwa ajili ya kazi, watu walimchukulia karibu sawa na aliyepatwa na ajali: ndiyo maisha, afanyeje. Mama akiondoka kwa sababu hiyo hiyo hakupewa msamaha huo.

Sasa rudi usome "pole mtoto" upya. Nadhani utaona ni hukumu iliyovaa nguo za huruma.

Utaniuliza, basi kwa nini wahukumu wenyewe ni kina mama, si watu wasio na watoto? Hapa nitakwambia ninavyoona mimi, na ukikataa ni haki yako. Kulea kumejaa maamuzi ambayo huwezi kuyarudia. Umenyonyesha au hukunyonyesha, umerudi kazini au umebaki, umemlaza kitandani kwako au kwenye kitanda chake, na majibu hutayapata mpaka mtoto awe mkubwa, pengine hata wakati huo usiyapate. Mtu aliyejinyima usingizi, kazi na afya yake kwa ajili ya uamuzi fulani anahitaji sana uwe ndio uamuzi sahihi. Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika hilo mwaka 1957 bila kuwataja kina mama: mtu akishachagua jambo lililomgharimu, huongeza uzuri wa alichochagua na ubaya wa alichoacha, ili moyo utulie. Ukitokea wewe, umechagua kile alichokiacha yeye, na mwanao ananawiri, umemtonesha kidonda bila kujua. Yule wa pacha hakuwa anakujibu wewe. Alikuwa anajijibu mwenyewe, kwa sauti kubwa, mbele ya watu.

Mambo mengine ni ya mtandao wenyewe na sitayakalia sana. Hamwonani macho, kwa hiyo hakuna anayeona uso wako ukibadilika anapobonyeza kutuma. Halafu kuna zile laiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walipitia jumbe zaidi ya milioni 12 za Twitter, wakachapisha matokeo mwaka 2021: mtu akiandika kwa hasira ya kimaadili na akapigiwa makofi, baadaye huandika kwa hasira zaidi. Tena waliobadilika zaidi ni waliokuwa kwenye makundi ya watu wenye msimamo wa wastani wa kisiasa, si wale waliokuwa wakali tangu mwanzo. Nadhani huyo wa "pole mtoto" hakuzaliwa na ulimi ule. Amefundishwa, kidogo kidogo, na watu wanaobonyeza moyo mwekundu.

Na hukumu hizi zinaweza kukua kiasi gani? Mei 28, 2016, mtoto wa miaka 3 aliponyoka machoni mwa mama yake kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, akaangukia ndani ya uzio wa sokwe aitwaye Harambe, na sokwe akapigwa risasi ili mtoto aokolewe. Mtoto alipona. Mtandaoni ombi la kutaka wazazi wachunguzwe likatiwa saini na mamia ya maelfu ya watu, na yule mama akatukanwa dunia nzima. Mwendesha mashtaka, baada ya kupitia ushahidi, alikataa kumshtaki. Alieleza kwamba mama alikuwa na watoto wengine pale, akageuka kidogo, mtoto akawa ameshakwenda. Akaongeza kwamba asiyeamini mtoto wa miaka 3 anaweza kutoweka haraka namna hiyo, basi hajawahi kuwa na mtoto. Hapo alikosea kidogo, nadhani. Sidhani kama wote waliotia saini hawakuwa na watoto.

Usije ukanielewa vibaya ukadhani kila anayekukosoa ana wivu au kidonda. Hilo nalo ni kosa, tena linaua. Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya na Marekani walishauri mtoto mchanga alazwe kifudifudi, asije akapaliwa na matapishi. Mama aliyemlaza chali ndiye aliyesutwa. Baadaye ushahidi ukajikusanya kwamba kulala kifudifudi kunaongeza vifo vya ghafla vya watoto wachanga, na mwaka 1994 Marekani ikaanzisha kampeni ya kuwalaza chali. Katika miaka michache vifo hivyo vilipungua kwa takriban nusu. Kwa hiyo mtu akikwambia, hata kwa matusi, mlaze mtoto chali, toa mito na mablanketi kitandani, meza matusi na utoe mito. Ukorofi wake ni shida yake, lakini alichosema ni kweli.

Na ndiyo maana yule wa pili, wa Shirika la Afya Duniani, simfuti. Shirika linapendekeza kweli maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi. Ni ushauri mzuri, mimi mwenyewe nimeutoa maisha yangu yote ya kazi. Ila tulipoutoa tulikuwa na kitu cha kumpa mama pamoja nao: namna ya kukamua, namna ya kuhifadhi, namna ya kunyonyesha asubuhi na usiku hata kama mchana haupo. Unaweza kuendelea hivyo, kopo mchana na ziwa usiku, na kila tone analopata lina faida yake. Mtu anayekurushia pendekezo bila hata moja ya hayo amekuachia mzigo tu.

Jambo jingine, na hili usicheke. Mwaka 2017 hospitali ya watoto ya C.S. Mott ya Marekani iliwahoji kina mama wenye watoto wa miaka 0 hadi 5. Asilimia 61 walisema wamewahi kukosolewa kuhusu malezi. Walipoulizwa na nani, wazazi wao wenyewe wakaongoza kwa asilimia 37, wakifuatiwa na waume au wenzi, 36, kisha wakwe, 31. Watu wa mitandaoni? Asilimia 7. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo ukiona ninakuandikia kana kwamba nimekaa nje ya mchezo, kumbuka kwamba kwa takwimu mimi ndiye mtuhumiwa namba moja, na una ruhusa ya kunijibu.

Umeuliza kama utoke kwenye kundi. Mimi nisingetoka kwa hasira, maana humo ndimo alimo yule aliyekupa jibu la chupa. Mtafute pembeni, mwandikie yeye peke yake, umshukuru. Mtu mmoja anayejua umri wa mwanao na hali ya kazi yako anakufaa kuliko maelfu wasiojua lolote. Maswali ya afya, homa, uzito, choo chenye damu, hayo usiyapeleke kundini kabisa. Nenda kliniki. Kundini peleka yale ambayo jibu baya halimdhuru mtu.

Usijitetee pia. Najua umeandika jibu refu na umelihifadhi, umenigusia. Lifute. Ukieleza kwamba mna madeni, watasema mngepanga mapema. Ukieleza kwamba mwajiri hatoi muda wa kukamua, watasema ungetafuta kazi nyingine. Kila sababu unayoitoa inakuwa kitu kipya cha kupimwa, kama ulivyoona kwenye lile jaribio. Andika tu "asanteni, nimepata jibu" na uzime arifa.

Siku utakapomwona mwenzako amewekwa kati, jibu alichouliza. Usianze kugombana na wanaomsuta, watafurahi tu. Swali lake limo mle juu, limefunikwa na maneno. Lijibu hilo, halafu mwandikie faragha umuulize anaendeleaje.

Na swali lako lijalo nina ombi. Mwachie mumeo aliulize, kwa jina lake na picha yake, maneno yale yale bila kubadilisha nukta: mtoto anakataa chupa, nifanyeje. Kisha nitumie majibu. Nitashangaa asipoitwa baba bora mara kadhaa kabla ya jioni, na nitataka kuhesabu wangapi wamemuuliza kwa nini alizaa kama ana kazi.

Msalimie, na mbusu mtoto. Joto la maji usilisahau.

Ni mimi mama yako.