Maswali ya Wasomaji: Maada Giza na Kazi ya Kupambana na Vumbi

Ndugu wahariri, kama maada giza haionekani, haigusiki wala hainusiki, mna tofauti gani na mganga anayeniambia nina jini? — Msomaji, Iringa

Tofauti ni hesabu, ambayo unaweza kuirudia mezani kwako. Dunia inalizunguka Jua kwa kasi ya kilomita 29.8 kwa sekunde. Neptuni iko mbali na Jua mara 30 kutushinda. Tafuta kipeuo cha pili cha 30, upate kama 5.5. Gawa 29.8 kwa 5.5, jibu ni 5.4, na kweli Neptuni inakwenda kilomita 5.4 kwa sekunde. Uzito ukikusanyika katikati, aliye mbali huzunguka polepole.

Wanaastronomia wa Marekani Vera Rubin na Kent Ford walipima mwendo wa mawingu ya gesi katika Andromeda, galaksi (kundi kubwa mno la nyota) iliyo jirani na yetu, wakachapisha vipimo vyao mwaka 1970. Nyota nyingi zimesongamana katikati, kwa hiyo kasi ilipaswa kushuka huko pembezoni kama ya Neptuni. Haikushuka, na darubini za redio zilizopima mbali zaidi zikakuta hali ileile. Ama kanuni ya uvutano inabadilika huko mbali, ama kuna uzito tusiouona, na huo ndio maada giza. La kwanza lina watetezi wake mpaka leo, ila linakwama kwenye mabaki ya nuru ya mwanzo wa ulimwengu. Vipimo vya nuru hiyo vya chombo cha angani cha Planck vinataka maada giza iwe takriban mara tano ya maada ya kawaida.

Nafanya kazi mgodini. Nasikia wanasayansi wanatafuta kitu cha angani chini ya ardhi. Je, shimo lolote refu linafaa? — Msomaji, Geita

Kina ni mwanzo tu. Chombo cha LZ, kinachotafuta chembe za maada giza, kiko Lead, South Dakota, Marekani, katika uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Homestake, karibu mita 1,480 chini. Mwamba wa juu unapunguza miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi zinazotunyeshea kutoka angani, zaidi ya mara milioni. Lakini mwamba huohuo una urani na thori, metali zenye mnururisho (zinazotoa mionzi), na unatoa gesi ya radoni. Umemkimbia simba, umeingia kwa chui. Ndiyo maana chombo kimezamishwa ndani ya tangi kubwa la maji safi.

Moyo wake ni pipa la titani lenye tani 10 za zenoni, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, karibu nyuzi 100 chini ya sifuri. Saba kati ya tani hizo ndizo zinazotazamwa na mirija 494 ya kunasa mwanga, juu na chini. Chembe ikigonga kiini cha atomu ya zenoni, hutokea mmweko mdogo wa kwanza. Elektroni zilizobanduka huvutwa na umeme kwenda juu, zikitoka kwenye kimiminika na kuingia kwenye gesi zinawasha mmweko wa pili, mkubwa zaidi.

Muda kati ya mimweko hiyo ndio rula. Elektroni husafiri kama milimita 1.5 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukisoma 400 za namna hiyo, tukio limetokea sentimita 60 chini ya uso. Likiwa karibu na ukuta linatupwa, maana kuta ndizo zenye uchafu. Uwiano wa mimweko nao unasema kilichogongwa: mmweko wa pili ukiwa mkubwa mno kuliko wa kwanza, iligongwa elektroni, na huo kwa kawaida ni mnururisho wa kawaida tu.

Kinachoharibu kazi ni vitu vidogo. Oksijeni au unyevu kidogo humeza elektroni kabla hazijafika juu, kwa hiyo zenoni inazungushwa bila kukoma kupitia metali ya zirkoni yenye moto inayonasa uchafu huo. Kriptoni haikamatiki hivyo kwa kuwa ni gesi bwete, isiyoungana na vitu vingine, kama zenoni yenyewe. Hiyo ilitenganishwa mapema kwa kupitisha gesi kwenye mkaa: kriptoni hupita haraka, zenoni hukawia. Vumbi nalo lina urani na thori, ndiyo maana mafundi waliounda chombo walivaa kama wapasuaji.

Mwaka 2020 nilisoma kwamba huenda maada giza imenaswa Italia. Habari ile iliishia wapi? — Msomaji, Mombasa

Iliishia kimya. XENON1T, chombo kingine cha zenoni kilichokuwa katika maabara ya chini ya mlima ya Gran Sasso, Italia, kilihesabu matukio 285 ya nishati ndogo mahali palipotarajiwa 232. Tangu siku ile watafiti wenyewe walitaja uwezekano wa tritiamu, haidrojeni nzito yenye mnururisho, na chembe chache mno zingetosha kuleta ziada hiyo. Mrithi wake, XENONnT, alikuja na usafi wa takriban mara tano zaidi, na mwaka 2022 ziada haikuonekana. Kwetu sisi hiyo ni kazi nzuri, ingawa haikupata vichwa vya habari.

Kuna kisa kigumu zaidi humohumo Gran Sasso. Kundi la DAMA limedai kwa zaidi ya miaka 20 kwamba fuwele zake za iodidi ya sodiamu zinaona matukio yakipanda karibu na mwezi wa Juni na kushuka Desemba, kana kwamba Dunia inakutana na upepo wa maada giza. ANAIS ya Hispania na COSINE-100 ya Korea Kusini wametumia fuwele za aina ileile, na hawakuliona wimbi hilo.

Sasa mpinzani mpya ni Jua. Mwaka 2024 PandaX-4T, chombo cha zenoni cha China, na XENONnT walitoa dalili za kwanza za nyutrino za Jua, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zikigonga viini vya zenoni, na mgongano huo unafanana sana na ule wa chembe nyepesi ya maada giza. Hakuna mwamba unaozuia nyutrino.

Je, inapita mwilini mwangu? Ina madhara? — Msomaji, Zanzibar

Ikiwa ni chembe, inapita, na haikudhuru. Kwa makadirio ya kawaida ya eneo letu la galaksi, maada giza yote iliyomo ndani ya Dunia nzima kwa wakati mmoja ina uzito wa kati ya nusu kilo na kilo moja.