Kabla Hujaibadilisha Nembo ya Chaneli ya Watoto, Itazame Cartoon Network

Watu wanaonijia na chaneli zao za katuni za mtandaoni huanza na ombi lilelile: "Tutengenezee nembo mpya, hii tumeichoka." Siwashi kompyuta. Namtolea mteja karatasi yenye nembo tatu za Cartoon Network, chaneli ya katuni ya Marekani, ya 1992, ya 2004 na ya 2010, kisha namwomba anionyeshe kwa kidole kitu kilichobaki kilekile katika zote tatu. Wengi hutaja nyeusi na nyeupe, na hawajakosea. Wachache husema miraba. Kwa hao kazi huenda haraka.

Riziki yangu ni kuchora nembo, nyingi zikiwa za vipindi vya watoto, na swali la kwanza ninalouliza huwa hilo tu: ni kipi hakiguswi? Ukishakijua, mengine yote unaweza kuyapindua utakavyo. Usipokijua, kila mabadiliko yatakuwa sawa na kufungua chaneli upya, na watazamaji wako watakupita bila kukutambua.

Cartoon Network ilianza kurusha matangazo nchini Marekani tarehe 1 Oktoba 1992, ikiwa mali ya kampuni ya Ted Turner, tajiri wa televisheni. Mwaka mmoja kabla, Turner alikuwa ameinunua studio ya katuni ya Hanna-Barbera na hazina yake ya katuni, na maktaba ya filamu na katuni za studio ya MGM alikuwa nayo tangu 1986. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza skrini ilijaa wahusika waliochorwa na studio tofauti, katika miongo tofauti, kila mmoja na mtindo wake. Mbunifu mwoga angemchukua mhusika mmoja maarufu akamgeuza nembo, na wengine wote wangeonekana wageni. Wabunifu wa Cartoon Network waliweka miraba 14, safu mbili za saba saba, myeusi na myeupe ikipishana kama ubao wa drafti, kila mraba na herufi yake. Hesabu iliwakubali: CARTOON ina herufi saba, NETWORK saba. Bahati hiyo ilikuwa imekaa ndani ya jina, ikingoja mtu wa kuiona, ndiyo maana kabla sijachora chochote huliandika jina la chaneli mara nyingi, kwa herufi kubwa na ndogo, wima na ulalo, nikitafuta kama lina umbo lake lenyewe.

Kuhusu rangi nitabishana na yeyote. "Watoto wanapenda rangi," huniambia wateja, nao wana haki. Lakini rangi mtoto atazipata ndani ya katuni. Nembo nyeusi na nyeupe haigombani na mhusika wa bluu wala wa chungwa, haipotei juu ya anga wala juu ya majani, na inachapika popote. Mteja mmoja alitaka simba, jua, kitabu, upinde wa mvua na mtoto anayetabasamu, vyote ndani ya duara moja. Nilimchorea kama alivyotaka, kisha nikaipunguza hadi kimo cha ukucha wa kidole kidogo. Akaondoa upinde mwenyewe, kisha kitabu, kisha jua.

Sasa jambo ambalo wengi hawalioni. Nembo ya 1992 ilidumu karibu miaka 12, lakini chaneli haikuonekana vilevile miaka yote hiyo. Mwaka 1997 kila kitu kilichoizunguka kilibadilishwa: vipande vya kati ya vipindi, mwendo wa picha, na muziki pia, ambao uliegemea "Powerhouse", tungo ya Raymond Scott ya 1937 ambayo masikio ya wapenzi wa katuni za zamani za studio ya Warner yalikuwa yameizoea tayari. Miraba 14 haikuguswa. Mtu akiniambia leo ameichoka nembo yake, mara nyingi nikichimba nakuta kilichomchosha ni ule utangulizi wa video anaousikia kila siku akihariri. Badilisha utangulizi. Badilisha muziki, badilisha mandhari ya nyuma. Ni kazi ndogo, na unaweza kuirudia kila baada ya muda bila kumpotezea mtoto alama anayoijua. Isitoshe, wewe umeiona nembo yako mara elfu kwa sababu unaishi nayo. Mtoto anayejiunga leo ndiyo kwanza anaiona.

Tarehe 14 Juni 2004 ndipo nembo yenyewe ilipoguswa, na kwa nguvu. Miraba 14 ikawa michemraba miwili iliyoinamishwa, mmoja na C, mwingine na N, na jina kamili likashushwa chini kwa maandishi madogo. Pamoja nayo ukaja mji wa kompyuta uliotengenezwa na studio ya Animal Logic ya Australia, ambamo wahusika wa vipindi mbalimbali waliishi mtaa mmoja, wakipishana barabarani na kusalimiana. Ndani ya mji ule michemraba ilikuwa na mantiki: kila kitu kilikuwa na kina, na nembo nayo ikapewa kina. Nje ya mji, kwa macho yangu, ilikuwa nzito. Lakini mraba ulibaki, nyeusi na nyeupe zikabaki, na aliyekuwa mtazamaji Jumapili alijua Jumatatu yuko wapi.

Hapa natoa onyo, maana ndipo chaneli changa zinapoiga vibaya. Cartoon Network ilijifupisha kuwa herufi mbili baada ya kuliandika jina lake kwa ukamilifu kwa karibu miaka 12. Ilikuwa imeshalipia ufupisho huo. Wewe mwenye chaneli ya miezi michache ukianza na herufi mbili tu, hakuna atakayejua zinasimamia nini, na zipo chaneli chungu nzima zenye herufi zizo hizo. Andika jina. Lichoshe. Siku watu watakapoanza kulifupisha wenyewe kwenye maoni, ndipo ukae chini uchore kifupi chake.

Nembo ya Mei 2010, iliyotoka kwa studio ya Brand New School, ndiyo ninayoifundishia zaidi. Kina kiliondolewa, miraba miwili ikalala bapa, na palipokuwa na nafasi jina zima lilirudi ndani ya miraba yake kama mwaka 1992, herufi zikiwa zimenyooshwa kidogo. Rangi zilizoizunguka zilikuwa samawati, majenta na njano, ambazo pamoja na nyeusi ni wino nne za mashine ya kuchapa. Ajabu yake ni kwamba baada ya hapo miraba ikawa vyombo. Unaweza kujaza mraba kwa mchoro wa kipindi chochote, ukaurudia hadi ukafunika skrini nzima, ukautawanya na kuukusanya tena, na bado ni chaneli ileile. Hiyo ndiyo nembo inayofanya kazi: ina toleo refu, toleo fupi, na kanuni ya kuchezea.

Ukichora yako, igawe hivyo tangu mwanzo. Kumbuka pia kwamba picha ya wasifu mtandaoni hukatwa duara, na duara hula pembe. Nembo ya mraba lazima iachiwe nafasi pande zote, la sivyo herufi zako zitanyolewa. Kisha ipeleke kwenye kona ya video, mahali ambapo mtoto ataiona kwa muda mrefu kuliko pengine popote, uitazame kwenye simu ndogo yenye mwanga hafifu. Herufi 14 hazitaonekana pale. Mbili zitaonekana.

Wapo waliokwenda njia tofauti kabisa na wakafanikiwa. Nickelodeon, chaneli nyingine ya watoto ya Marekani, kuanzia 1984, ilikuwa na rangi ya chungwa na herufi nyeupe nene, lakini umbo likabadilika kila mara: tone lililomwagika, mfupa, roketi, wingu. Kilichokuwa hakiguswi ni rangi, umbo likaachiwa huru. Mwaka 2009 umbo liliondolewa, likabaki jina peke yake kwa herufi ndogo za chungwa, mtindo uliorahisisha kuzivisha chaneli zake dada sare moja. Mwaka 2023 tone likarudi. Walioshangilia kwa sauti kubwa walikuwa watu wazima waliolelewa nalo, wengi wao sasa wakiwa na watoto.

Kwa hiyo angalia unamuuliza nani. Weka nembo mbili mtandaoni uombe kura, na watakaopiga ni watu wazima. Watachagua ya zamani, kwa sababu wanaupigia kura utoto wao. Hadhira ya chaneli ya watoto inahama kila baada ya miaka michache, na mtoto wa miaka mitano hana kumbukumbu ya kulinda. Mimi humwonyesha nembo kwa muda mfupi, naificha, nampa kalamu, namwambia anichoree alichokiona. Wasiojua kusoma huchora umbo. Kama karatasi zinatoka na vitu visivyofanana hata kidogo, nembo haina umbo, hata kama baba mwenye chaneli ameipenda. Kwa njia hii nimeshakataliwa na watoto kazi nilizokuwa najivunia, na sikumbuki ambayo nilijuta kuitupa.

Ukishaamua kubadilisha, badilisha picha ya wasifu, bango, utangulizi na alama ya kona siku moja. Mchanganyiko wa wiki mbili, huku nembo mpya na kule ya zamani, humfanya mzazi adhani kuna chaneli bandia inayoiga yako. Video za zamani ziache na nembo yake ya zamani. Ukizifuta ili uzipakie upya zikiwa na nembo mpya, unapoteza maoni na idadi ya watazamaji iliyokusanyika kwa miaka, na mtoto aliyezoea kuirudia video moja kila jioni ataitafuta asiione. Hifadhi pia faili za awali za nembo ya zamani, zile zinazoweza kukuzwa bila kuharibika, si picha tu, kwa sababu ombi la "turudishieni ile ya kwanza" litakuja, na likija huwa linataka jibu kesho asubuhi.