Ketamini ya kuchomana nyumbani? Hapana, dada

Pole dada. Umesema kaka yako ana sonona mwaka wa tatu sasa, dawa mbili hazijamsaidia, na kuna mtu Kariakoo anawauzia vichupa vya ketamini (dawa ya nusu kaputi) achomwe nyumbani, halafu mshauri nasaha aongee naye. Hivyo vichupa achana navyo.

Mimi ni muuguzi wa nusu kaputi, ketamini naishika karibu kila wiki. Kwa dozi ya upasuaji mgonjwa anabaki macho wazi, mboni zinacheza, mwenyewe hayupo. Presha inapanda. Kwa sonona dozi ni ndogo, inapita kwenye dripu kama dakika 40, lakini bado anakaa chini ya uangalizi, oksijeni iko karibu. Chumbani kwenu nani atafanya hivyo?

Wazo la mazungumzo si baya. Nafuu ya ketamini huja ndani ya saa au siku chache, kisha hufifia. Akiwa kwenye nafuu hiyo ndipo mtu anaweza kuongea na mtaalamu yale aliyokuwa hana hata nguvu ya kuyataja.

Anzeni kliniki ya afya ya akili Muhimbili. Bebeni pakiti za dawa zote, mwandike kila moja alimeza wiki ngapi (wengi huacha wiki ya pili tu, wakasema dawa imeshindwa). Mwambieni daktari kuhusu presha, pombe, na kama amewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Asikatishe dawa ghafla.

Akianza kutaja kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni dharura usiku huohuo.