Uliza Ujibiwe: Tunaanzisha shahada ya uuguzi, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi, nina shahada ya uzamili na nimefanya kazi wodini miaka kumi na mmoja. Mwezi wa pili chuo kikuu kimoja cha binafsi huku Nyanda za Juu Kusini kimenikabidhi idara, nianzishe shahada ya uuguzi. Tuko wahadhiri watatu na karani mmoja. Jengo limekwisha, madoli manne ya kufundishia yamenunuliwa, na nimepewa mtaala wa chuo kingine nibadilishe jina la jalada. Uongozi unataka wanafunzi 60 ifikapo Oktoba. Hospitali ya mkoa tayari inapokea wanafunzi wa vyuo vitatu. Usiku sipati usingizi. Nianzie wapi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza jengo, madoli, mtaala na Oktoba, lakini hukunitajia hata muuguzi mmoja wa wodini atakayesimama na wanafunzi wako. Anza na huyo.

Nikusimulie yaliyotupata sisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulipokuwa wanne tukianzisha shahada kama hiyo. Tulijiandaa kweli kweli. Vitabu vilifika mapema, na ratiba ya rangi tatu ilibandikwa ukutani. Wiki ya tatu, muuguzi mfawidhi wa wodi ya wanaume akanivuta pembeni: “Sista, hawa watoto wako ripoti wataisikia lini?” Sikumwelewa. Akanionyesha saa ya ukutani.

Pale zamu hupokezana saa moja na nusu asubuhi. Basi letu lilikuwa linaondoka chuoni saa hiyo hiyo ya moja na nusu, kwa sababu dereva alianza kwa kuwapeleka shule watoto wa wafanyakazi. Wanafunzi walifika saa mbili na robo, zamu ya usiku imekwenda zake kulala. Wiki tatu nzima hawakuwahi kumsikia muuguzi akimkabidhi mwenzake wagonjwa kitanda kwa kitanda: huyu amelala vizuri, huyu dripu yake inaisha saa tatu, huyu hajakojoa tangu jana jioni, mwangalie. Kwenye hilo la mgonjwa ambaye hajakojoa tangu jana jioni ndipo muuguzi anapojifunza kufikiri, na sisi tulikuwa tumelikosesha darasa zima.

Nilimfuata dereva mwenyewe. Akaniambia, “Mwalimu, hakuna aliyewahi kunieleza huko hospitali kuna nini saa hiyo.” Watoto wa shule wakatafutiwa gari jingine, basi likaanza kuondoka saa kumi na mbili na nusu, na tangu hapo yule dereva alikaa nasi kwenye kila kikao cha ratiba. Kwa hiyo usiseme mko watatu na karani. Hesabu karani, dereva, mtunza maabara ya ujuzi, na mama anayefua shuka za vitanda vya mazoezi. Waite wote kwenye kikao cha kwanza, uwaeleze mwanafunzi wa uuguzi anapita wapi tangu anaingia hadi anahitimu. Utashangaa watakavyokurekebisha.

Sasa masista wa wodini. Shule ya uuguzi ya Florence Nightingale ilipofunguliwa katika hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1860, si yeye aliyekuwa na wanafunzi siku hadi siku. Aliyewaongoza alikuwa matroni wa hospitali ile, Sarah Wardroper, na waliowafundisha kazi mkononi walikuwa masista wa wodi. Leo elimu yetu tumeihamishia chuo kikuu, na mimi nimeipigania shahada hiyo maisha yangu yote. Lakini wakati wa kuhama, mara nyingi tuliwaacha masista nyuma. Mwanafunzi anatumwa wodini na kitabu cha kusainiwa, sista ana wagonjwa 40, anasaini tu. Usikubali. Nenda hospitali kabla hujaenda kwa fundi wa rangi. Mkae na muuguzi mkuu na wafawidhi wa wodi, muulizane wao wanapata nini. Wapeni barua za uteuzi wa kuwa wakufunzi wa mazoezi, posho inayolipwa kwa wakati, kadi ya maktaba yenu, na mafunzo mafupi ya namna ya kufundisha. Haya yote yaandikwe kwenye hati ya makubaliano, yasiishie kwenye maneno ya chai.

Kuhusu hospitali ya mkoa kujaa, huko kwenu hamna uhaba wa hospitali za misheni. Ikonda iko Makete, kuna Ilembula, kuna Chimala. Kapige hodi. Kuna hospitali za wilaya na vituo vya afya pia, ambako mwanafunzi atakutana na kina mama wa kliniki na mgonjwa wa kifua kikuu anayekuja kuchukua dawa. Na hata hiyo ya mkoa imejaa asubuhi. Jioni na usiku wanafunzi ni wachache, nanyi mtafutieni mwanafunzi usafiri wa kurudi salama.

Makaratasi nitayapitia haraka. Programu inahitaji ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na inahitaji pia kutambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hivyo ni vibali viwili. Kimoja hakibebi kingine. Usipokee mwanafunzi hata mmoja kabla havijatoka vyote. Atasoma miaka minne, atafanya mwaka wa mafunzo tarajali, na bila leseni ya Baraza hatamgusa mgonjwa. Fikiria mzazi aliyeuza shamba kulipa ada halafu aambiwe chuo hakikutambuliwa. Oktoba isogezwe kama inabidi, na umwambie makamu mkuu wa chuo hivyo kwa maandishi.

Mtaala wa kubadilisha jalada urudishe. TCU na Baraza watakuuliza umeshirikisha wadau gani na soko linahitaji nini, na jibu halimo ndani ya jalada la watu. Kusoma ya wenzako si kosa: omba muhtasari wa mitaala kwenye vyuo vya Muhimbili, KCMC na Bugando, waombe pia watu wa kuwa watahini wa nje. Kisha kaa na wauguzi wa mkoa wako, uwaulize ni jambo gani wahitimu wapya huja hawaliwezi.

Madoli ni mazuri, yatumie sana, mwanafunzi akosee huko kwanza. Ila nilikuwa na binti aliyepata alama za juu kabisa kwenye doli. Siku ya kwanza wodini nikampa bibi mmoja aliyevunjika nyonga, amgeuze. Alishika mahali sahihi, akakunja magoti sahihi, akamgeuza bila kutamka neno. Bibi akamwangalia: “Mwanangu, mimi si gunia.” Binti alilia ukumbini. Kosa lilikuwa langu, maana kwenye maabara sikuwahi kumdai amsalimu doli, amweleze anataka kufanya nini, amfunike. Tulianza kutoa alama za hayo wiki iliyofuata.

Wanafunzi 60 kwa wahadhiri watatu siwezi kukuunga mkono. Anza na 20 au 25. Sita wakizunguka kitanda kimoja, wawili wanaona, wanne wanaangalia migongo, na mgonjwa anavuta shuka afunike uso.

La mwisho ni wenzako wawili. Wahadhiri hupandishwa vyeo kwa machapisho. Asubuhi nne za wodini zisipohesabiwa kama mzigo wa kazi, ndani ya mwaka watakuwa wamejifungia ofisini wanaandika, na hutaweza kuwalaumu. Pigania saa hizo ziandikwe kwenye mikataba yao sasa, wakati chuo bado kinawahitaji. Na wote watatu leseni zenu ziwe hai.

SWALI: Shikamoo Mama. Nina stashahada, nimefanya kazi leba miaka 14. Chuo kikuu kinataka nisimamie wanafunzi wa shahada. Naogopa hawataniheshimu.
Mkunga, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kubali, ila dai barua ya uteuzi na hayo mafunzo mafupi niliyomwambia mwenzako wa Mbeya. Siku ya kwanza chukua patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ya mama aliyeko kitandani, mpe mwanafunzi akusomee. Mwache amalize. Kisha mpeleke kwa mama, weka mkono wake tumboni pamoja na wako, mngoje uchungu uje, umuulize amesikia nini.