Picha ya Simu Ikae Pamoja na ya Mkanda

SWALI: Shikamoo mzee. Mwezi ujao bibi yangu anatimiza miaka 80. Nataka kumpiga picha zikae ukurasa mmoja na zile za harusi ya mama ya mwaka 1986. Zile zina wekundu fulani ninaoupenda sana. Nimejaribu programu ya simu yenye kichujio cha filamu, lakini nyuso zinatoka kama zimepakwa tope, na chenga zimejaa kila mahali. Nakosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa bibi.

Huo wekundu si wa filamu, ni wa uzee. Picha ya karatasi ina rangi tatu, na kwenye karatasi nyingi za zamani samawati ndiyo iliyofifia kwanza, hata albamu ikiwa imefungwa kabatini. Samawati ikipungua, wekundu unatawala. Siku mama alipozichukua studio hazikuwa hivyo. Kichujio chako kinaiga kufifia, na kufifia huko kukiwekwa juu ya ngozi nyeusi, uso unakufa.

Hili la ngozi linanigusa. Nilichapa picha Tanga miaka mingi, na kadi tuliyopewa kupimia rangi ilikuwa na mwanamke wa Kizungu. Mafundi dunia nzima waliziita kadi za Shirley. Ukiifuata kadi ile, watu wetu wanatoka majivu. Nilikuwa naiweka pembeni, napima kwa uso wa mteja mwenyewe, nagusa kitufe cha njano kidogo, nachapa tena. Fanya vivyo hivyo: rekebisha uso wa bibi kwanza, mengine yaufuate.

Sasa sura ya filamu yenyewe. Ninayo picha niliyochapa mwaka 1993, bwana harusi kasimama juani saa saba mchana, kanzu nyeupe. Nikiweka lenzi ya kukuzia naiona darizi ya shingoni, uzi kwa uzi. Negativu, yaani ule mkanda wenyewe uliokuwa ndani ya kamera, hupokea mwanga mwingi bila kukata ghafla, weupe unapanda taratibu. Simu ikifika kikomo inakata, linabaki doa tupu, na hakuna programu ya kulirudisha. Kwa hiyo unapopiga, gusa sehemu nyeupe kuliko zote kwenye skrini, kisha shusha mwanga mpaka mikunjo ya nguo ionekane. Picha itaonekana ya giza kidogo. Iache.

Ukifika kwenye kuhariri, tafuta kile kisanduku chenye mstari wa mshazari, kwenye programu nyingi huitwa Curves. Ncha ya juu ivute chini kidogo, ya chini ipandishe kidogo, maana karatasi haina weusi wa skrini. Katikati pandisha mpaka uso wa bibi upate uhai. Rangi punguza kiasi. Chenga ziwe za mwisho, 15 au 20 kati ya 100, na uziangalie picha ikiwa nzima. Ukiikuza utazidisha tu. Kwenye filamu halisi chenga huonekana zaidi sehemu za mwanga wa wastani, kama ukuta au shavu. Kwenye weupe mkali hupotea.

Na jambo ambalo vichujio havina: flashi. Picha nyingi za sherehe za miaka ile zilipigwa kwa flashi iliyokaa juu ya kamera, ndiyo maana kuna kivuli kikali ukutani nyuma ya watu. Msogeze bibi karibu na ukuta, simama hatua mbili kutoka kwake, washa flashi ya simu. Hapo umeshapata nusu ya unachokitafuta kabla hujafungua programu yoyote.

Pima picha ya zamani kwa rula, uchapishe mpya kwa kipimo hichohicho. Halafu muulize mama kama negativu bado zipo. Mara nyingi zilibaki ndani ya bahasha ya studio, nyuma ya picha. Ukizipata, zishike kingoni tu, usizifute kwa kitambaa, na uzipeleke kwa mwenye skana ya negativu. Huenda ukaiona shela ya mama ikiwa nyeupe.