Maswali ya Wafugaji: Kuku Walichanjwa, Mbona Kideri Kimewaua?

SWALI: Shikamoo, daktari. Mimi ni kijana mfugaji wa Mafinga, wilayani Mufindi. Mwezi wa saba, vifaranga wangu chotara walipokaribia wiki ya nne, walianza kujikunyata pembeni mwa banda, manyoya yamesimama, wakiharisha uharo mweupe wa majimaji na kujidonoa sehemu ya haja. Majirani walisema ni baridi, nikaongeza mkaa kwenye jiko, lakini wakazidi kufa. Siku ya tatu vifo vilikuwa vingi kuliko zote, na kabla ya wiki kwisha vikakoma. Nilimpasua mmoja nikaona michirizi ya damu mapajani, na juu ya njia ya haja kifuko kilichovimba, kimezungukwa na ute wa manjano. Waliobaki walinawiri, ila mwezi uliofuata kideri kikawafyeka, shingo zikijipinda, ilhali niliwachanja kideri siku ya 7 na ya 21. Je, niliuziwa chanjo bandia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulifanya vizuri sana kumpasua yule kifaranga, kwa sababu kifuko ulichokiona ndicho kinachobeba jibu la swali lako. Kabla ya kuilaumu chanjo ya kideri, zingatia kwamba maelezo yako yanaelekea moja kwa moja kwenye Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoambukiza upesi na ambao hushika zaidi vifaranga wa wiki tatu hadi sita. Mwendo wa vifo ulioueleza, yaani kuanza ghafla, kupanda hadi siku ya tatu au ya nne, kisha kukoma ndani ya wiki moja, ni dalili yenye uzito kama uharo wenyewe. Baridi haiui kwa mpangilio huo, ingawa katika miinuko yetu ya Mufindi, Makambako na Njombe ni rahisi mno mwezi Juni na Julai kumdhania kifaranga mgonjwa kuwa anatafuta joto tu.

Kifuko hicho huitwa bursa. Kuku mchanga huwa nacho hadi anapokaribia kupevuka, ndipo kinaponywea chenyewe, na kwa muda mrefu wataalamu hawakujua kazi yake, mpaka mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake huko Marekani walipoonyesha kwamba kuku aliyeondolewa bursa akiwa mchanga hushindwa kutengeneza kingamwili ipasavyo. Virusi vya Gumboro hushambulia chembe changa zilizomo humo, zile ambazo baadaye zingetengeneza kingamwili. Mwanzoni kifuko hujaa maji, huvimba hata kufikia uzito maradufu na kufunikwa na ule ute wa manjano. Ukikipasua, mikunjo ya ndani huweza kuwa na madoadoa ya damu. Kufikia siku ya nane hivi, huwa kimesinyaa na kubaki kama theluthi ya uzito wake wa kawaida. Damu huvilia pia katika minofu ya mapaja na kidari, na wakati mwingine mahali tumbo la mbele linapoungana na firigisi. Figo nazo huweza kuvimba na kupauka kwa kujaa chumvi za mkojo, na ndiyo maana napinga tabia ya kuwapa vifaranga hao dawa za salfa kwa kukisia, kwani huzidi kuzielemea figo zilizokwisha kuumia.

Kwa hiyo waliobaki walionekana wazima, lakini bursa zao zilikuwa zimeharibika. Chanjo ya siku ya 21 huenda iliwakuta virusi vikiwa tayari mwilini au vikikaribia kuingia, na mwili usio na chembe za kutosha hauwezi kujenga kinga kamili, hata chanjo iwe safi kiasi gani. Wanaoambukizwa kabla ya wiki tatu huweza wasionyeshe dalili yoyote, na hao ndio wanaodhoofika kinga zaidi, jambo linalonisikitisha kwa kuwa mfugaji hana cha kumshtua.

Kundi lijalo lichanjwe Gumboro pia. Ratiba iliyozoeleka kwetu ni siku ya 14 na ya 28, lakini muulize aliyekuuzia vifaranga kama mama zao walichanjwa, kwa maana kinga ya mama huweza kuizima chanjo iliyotolewa mapema mno. Ukiitoa chanjo katika maji ya kunywa, tumia maji yasiyo na klorini, nayo yaishe ndani ya saa mbili. Kabla ya kuingiza kundi hilo, ondoa maranda yote bandani, uyachome au uyafukie, wala usimpe jirani. Osha kwa sabuni, kisha nyunyiza dawa yenye formalini au ayodini, kwa kuwa virusi hivi huweza kudumu bandani hata siku 122.

Vifo vikianza tena, usisubiri vikome. Mwite ofisa mifugo wa kata siku hiyohiyo, au peleka mizoga mibichi iliyopozwa kwa barafu, pasipo kuigandisha, katika kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kilichopo Iringa, maana baada ya wiki bursa iliyosinyaa haitaonyesha tena uvimbe wala ute ule ulioukuta.