Mtoto asiyesumbua: kwa mwalimu mpya wa Kiswahili

Karibu kazini, mwalimu. Maandalio ya somo utaonyeshwa na mkuu wa idara. Mimi nataka kukuambia habari za yule mtoto wa dawati la nyuma ambaye hatakusumbua hata siku moja, na ndiyo maana utamsahau.

Mwaka wangu wa pili hapa Arua, Uganda, nilipokea mvulana wa S2 (kidato cha pili) aliyehamia kutoka upande wa Masaka. Nikamsimamisha asome. Kifungu kilisema "tulialikwa kwenye karamu". Naye, kama wasemaji wengi wa Kiganda ambao r na l hupishana ulimini mwao, akasoma "tulialikwa kwenye kalamu". Darasa likaangua kicheko. Kwa nia njema kabisa nikamwambia arudie neno hadi alipatie. Alirudia mara sita, kitabu kikipanda taratibu mpaka kikamfunika uso. Kufikia saa ya posho (ugali) na maharagwe jina lake lilikuwa Kalamu, na muhula ule sikuisikia tena sauti yake.

Kisha nikakosea zaidi: nilimhurumia, nikaacha kumwita. Kumbe hofu hii ya kusema mbele ya watu hunenepa kwa kukwepa. Kila anapoponyoka moyo hutulia, na akili inajifunza kwamba kilichomwokoa ni kimya. Halafu mtaala wa 2020 haumpi pa kujificha: miradi na kazi za makundi, pamoja na kuwasilisha mbele ya wenzake, huingia katika ile asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, inayotokana na kazi za darasani.

Aibu ya kawaida usiihangaikie. Mwenye haya huchangamka akizoea. Mtazame anayeumwa tumbo siku ya kuwasilisha tu, anayeomba ruhusa ya chooni zamu yake ikikaribia, anayejibu "sijui" wakati jibu limeandikwa daftarini mwake. Huyo haogopi Kiswahili. Anaogopa macho ya wenzake na anachodhani wanamfikiria, na umri wa miaka 13 hadi 16 ndio hasa macho hayo yanapouma.

Muhula uliofuata nilianza naye upya, kidogo kidogo. Kwanza alinisomea mezani kwangu, tukiwa wawili. Halafu na jirani yake wa dawati. Halafu mistari miwili darasani akiwa ameketi, na nilimwambia tangu jana yake ni mistari ipi. Wanaocheka niliwashughulikia mapema, bila kumtaja. Wiki ya tano, kabla hajasimama, nilimpa kipande cha karatasi aandike anachodhani kitatokea. Aliandika: "Wote watacheka." Baada ya kusoma nikamrudishia. Akafikiri, akaongeza chini yake: "Wawili. Mmoja alikuwa amelala." Bado alisema balabala badala ya barabara, nami siku hiyo sikumsahihisha.

Usimwambie "usiogope", angekuwa anaweza, angeshaacha. Wala usimsifu ovyo. Ukimwambia amesoma vizuri sana naye anajua amekwama mara tatu, utakuwa umempa sababu ya kutokuamini siku nyingine. Sifa ndogo ya kweli inatosha: "Leo hukuharakisha." Na kama shule yako bado inasoma nafasi za wanafunzi kwa sauti paredi, wa kwanza hadi wa mwisho, pinga kwa adabu kwenye kikao cha walimu. Mimi nimepinga miaka minne, bado wanasoma.

Yapo yanayozidi uwezo wetu. Mtoto akianza kutoroka shule, kuacha chakula, au kusema amechoka kuishi, usibaki na siri hiyo peke yako. Mwone siku hiyo hiyo mwalimu mlezi, Sinia Woman (wa wasichana) au Sinia Meni (wa wavulana), na mzazi aitwe. Hospitali za rufaa za mikoa zina wahudumu wa afya ya akili. Namba 116, ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo, na mwalimu pia anaweza kuipiga.